Upande wa Wavu

Jumatatu, Julai 1

Daftari hili ni la hesabu. Muhula ulipoisha lilikuwa limebaki na kurasa sitini tupu, na mwalimu wetu wa darasa husema karatasi tupu ni mali iliyolala. Nimeamua kuiamsha. Miraba yake itanifaa kwa michoro.

Leo uvuvi umefungwa kwa wiki sita ili samaki wazaliane. Boti yetu imefungwa gatini, wavu umeanikwa nyuma ya nyumba, na Baba amelala mchana, jambo ambalo hutokea mara moja kwa mwaka. Baba Mdogo amesema samaki wamepewa likizo ya uzazi na sisi tumepewa likizo ya miayo. Mama akamrushia kitambaa cha vyombo.

Naandika kwa sababu nataka kitu kimoja, na nikishakiandika sitaweza kujifanya sikukitaka. Nataka nafasi ya sita katika timu ya ubao.

Jumanne, Julai 2

Jana sikueleza vizuri. Mwalimu angeniandikia "Fafanua" kwa wino mwekundu.

Mwisho wa barabara ya gati kuna kituo cha michezo ya maji. Muhula uliopita Kocha, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kengele, alitufundisha kusimama juu ya ubao unaovutwa na boti. Unafunga miguu kwenye ubao, unashika mshikio ulio mwisho wa kamba, boti inaondoka, nawe unaibuka majini kama kizibo. Mimi nilianguka mara thelathini na moja kabla ya kuibuka. Nilihesabu.

Kusimama ni mwanzo tu. Boti ikienda kasi inaacha nyuma yake mawimbi mawili, moja kulia na moja kushoto, yanayoachana kadiri yanavyokwenda. Sisi nyumbani huyaita mkia. Mtelezaji hodari huja kwa kasi kutoka nje ya mkia, wimbi la kwanza linamrusha kama ngazi, anapita hewani, anatua ng'ambo ya wimbi la pili. Nimeliona hilo kwa macho yangu mara mbili, na mara zote mbili nilisahau kufunga mdomo.

Timu ina watu watano, inataka wa sita. Kocha atapima Jumamosi, Agosti 10. Kila mtu ataruka mkia mzima kutoka kulia kwenda kushoto, kisha kutoka kushoto kwenda kulia, na kila upande atajaribu mara tatu. Lakini mashine ya boti ya kituo imekufa na kipuri chake hakijafika. "Anayetaka nafasi," alisema Kocha, "aje na boti yake na dereva wake. Ubao na kamba nitamwazima."

Darasani kwetu wenye boti ni wawili. Mmoja ni rafiki yangu Miwani, ambaye baba yake ana boti nyeupe ya starehe yenye viti vya ngozi. Wa pili ni mimi. Yetu ina harufu.

Jumatano, Julai 3

Nimemwomba Baba. Hajajibu.

Alhamisi, Julai 4

Bado. Baba hujibu kama mlango wenye kutu: husukumi, unangoja.

Ijumaa, Julai 5

Amejibu, akiwa anafunga kamba za viatu. "Siku tatu kwa wiki. Dumu moja la mafuta kwa wiki. Usukani ni mimi au baba yako mdogo, hakuna mwingine. Uvuvi ukifunguliwa, boti ni ya samaki."

Nikasema, "Ahsante, Baba." Alishafika mlangoni.

Baba hapendi jambo hili, naona. Ameliruhusu kama mtu anavyomruhusu paka apite.

Jumamosi, Julai 6

Leo tumejaribu. Baba Mdogo alishika usukani. Mama alikuja kuwa jicho, kwa sababu Kocha ameweka sharti kwamba lazima mtu mmoja amtazame mtelezaji muda wote. Nilivaa jaketi la kujiokolea, nikafunga ubao, nikaibuka mara ya kwanza tu. Nilifurahi sana kwa kama sekunde nne.

Kisha nikautazama mkia wetu. Wimbi la kulia lilikuwa la kimo cha kifundo cha mguu. La kushoto halikuwa wimbi. Lilikuwa povu, kama mtu amemwaga maji ya kufulia. Nilipolikanyaga lilimomonyoka chini yangu nikaanguka kifudifudi.

"Kalamu!" alipiga kelele Baba Mdogo. Ameniita hivyo tangu nilipojua kuandika. "Ulitaka mkia wa mamba, umepata wa mjusi!"

"Na mjusi mwenyewe amekatwa nusu," akasema Mama.

Walicheka mpaka boti ikatikisika. Mimi nilikuwa majini nikisubiri kuchukuliwa, kwa hiyo sikuwa na pa kwenda.

Jumatatu, Julai 8

Nimekwenda kwa Kocha na mchoro. Aliutazama kwa makini, jambo lililonipa moyo. Akasema mambo matatu nami nayaandika kama alivyoyasema: "Boti nyepesi haiachi kitu nyuma yake. Iongezee uzito. Kamba yako ni ndefu mno kwa mwendo wenu, ifupishe ili uruke mahali ambapo mkia bado haujachoka. Na dereva ashike mwendo mmoja, asicheze na mafuta kama anapiga ngoma."

La tatu ni la Baba Mdogo.

Jumanne, Julai 9

Tumepata madumu kumi ya lita ishirini. Lita ishirini za maji ni kilo ishirini, kwa hiyo madumu kumi ni kilo mia mbili, sawa na watu wazima watatu na mbuzi. Baba Mdogo alilalamika kila dumu. Huyu ni mtu asiyeweza kubeba kitu kizito, hata siri. Mwaka jana alijua zawadi ya Mama siku tatu kabla, na kufikia jioni mtaa wote ulikuwa unajua.

Jumatano, Julai 10

Madumu kumi nyuma. Wimbi la kulia: nusu ya muundi. La kushoto: povu.

Jumamosi, Julai 13

Kamba fupi zaidi kwa hatua tano. Kulia: muundi. Kushoto: povu.

Jumatatu, Julai 15

Mvua.

Jumatano, Julai 17

Madumu kumi na mawili. Baba Mdogo ameshika mwendo mmoja, ulimi ukiwa nje kwa juhudi. Kulia: karibu na goti, wimbi safi, lina mgongo kama wa samaki mkubwa. Nililiruka. Nilikuwa hewani! Nilitua katikati ya mkia, si ng'ambo, lakini nilikuwa hewani na Mama alipiga kigelegele.

Kushoto: povu.

Alhamisi, Julai 18

Miwani amenialika nipande boti yao. Nimeketi kwenye kiti cha ngozi nikiwa nimejifunga taulo nisikilowanishe. Mkia wao una pande mbili zinazofanana kama nyusi. Miwani ameshaweza kuruka mzima kutoka kulia. Hakujivuna. Aliniuliza, "Wenu vipi?" Nikamjibu, "Unaendelea." Si uongo, lakini si jibu.

Ikiwa yeye ataruka pande zote mbili na mimi upande mmoja, nafasi ni yake. Hata ningekuwa Kocha ningempa yeye.

Jumamosi, Julai 20

Kushoto: povu.

Jumatano, Julai 24

Kushoto: povu. Nimeomba tuongeze madumu. Baba, aliyekuwa anashona wavu, hakuinua macho. "Kumi na mawili basi. Nyuma imeshakaa chini mno."

Nafikiri Baba haelewi. Anaijua boti ya samaki, haijui boti ya ubao.

Jumamosi, Julai 27

Leo nitaandika mengi.

Asubuhi nilitangulia gatini peke yangu. Nilijaza madumu manne zaidi, nikayashusha hadi kwenye ngama, pale chini kabisa nyuma ambapo maji machafu ya boti hukusanyika, nikayafunika kwa turubai. Jumla kumi na sita. Nilijiambia kwamba nikishaliona wimbi la kushoto nitamwambia Baba, na yeye akiliona atasahau kukasirika. Hesabu yangu ilikuwa nzuri isipokuwa pale penye Baba.

Tuliondoka. Boti iliinua pua kama mtu anayenusa. Mashine ililia. Niliibuka, na wimbi la kulia lilikuwa kubwa kuliko siku zote, likapita goti. La kushoto sikulitazama hata kidogo. Nilikuja kwa kasi mno, nikarushwa mno, nikatua kwa mgongo.

Nilipoibuka niliona yote, maana nilikuwa nyuma nao walikuwa mbele. Baba Mdogo, kwa kuniona nimeanguka vibaya, alikata mafuta ghafla ili anigeukie. Boti ikasimama. Lakini mkia haukusimama. Wimbi lile lile tulilolihangaikia wiki tatu lilitufuata kutoka nyuma, likafika kwenye boti iliyokaa chini, likapanda likaingia. Sikusikia sauti kubwa. Liliingia taratibu, kama mgeni anayejua nyumba. Kisha la pili likaingia. Mashine ikakohoa ikazima. Mama alikuwa tayari amesimama na ndoo.

"Yamwage madumu!" alipiga kelele. "Shemeji, yamwage!"

Baba Mdogo alitupa dumu moja baada ya jingine majini, yeye asiyeweza kubeba kitu kizito. Mimi niliogelea na ubao miguuni mpaka nikashika ukingo wa boti upande wa mbele. Mama alinitazama mara moja kuona kama nina damu, kisha akaendelea kuchota. Maji yalikuwa yamefika kwenye mashavu ya miguu yake.

Baba Mdogo akafunua turubai, akayaona yale manne. Alisimama. Najua alihesabu, kwa sababu midomo yake ilitembea. Kisha akanitazama. Nikatazama pembeni.

Boti haikuzama. Watu wa gatini walituvuta, wakayaokota na madumu yaliyokuwa yakielea. Baba alikuwa amesimama pale mwisho wa gati, ameona yote. Hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha.

"Ulikata mafuta ghafla," alimwambia Baba Mdogo.

"Ndiyo, Kaka."

"Na nyuma ilikuwa nzito."

"Ndiyo, Kaka."

"Nilisema madumu kumi na mawili."

Hapo ndipo nilipongoja. Siri haijawahi kukaa kwa Baba Mdogo hata usiku mmoja. Alijifuta uso, akasema, "Nimekosea, Kaka."

Baba akasema, "Boti hii si kikapu cha sokoni kwamba ikitoboka tunanunua kingine. Inalisha nyumba. Mchezo umekwisha." Akaenda zake.

Jumapili, Julai 28

Sikuweza kula. Baba Mdogo alinitania kwamba nimemeza maji ya ngama nimeshiba. Hakusema lingine lolote. Nilirudi nyuma nikasoma nilichoandika juu yake Julai 9. Sitaifuta sentensi ile, ibaki inisute.

Jumatatu, Julai 29

Nimemwambia Baba. Alikuwa kibarazani anafumua mafundo ya kamba, na Mama alikuwa dirishani.

"Baba, madumu yalikuwa kumi na sita. Manne niliyaweka mimi na nikayaficha. Baba Mdogo hakujua mpaka boti ilipojaa maji."

Alifumua fundo moja zima. Kisha jingine.

"Kwa nini unaniambia leo? Jambo lilishakwisha."

"Halijakwisha. Wewe unamkasirikia yeye."

Mama akasema kutoka dirishani, "Tezi na omo, marejeo ni ngamani." Bibi alikuwa akisema hivyo: ukimbilie nyuma ya chombo au mbele, mwisho utarudi chini penye ngama. Sikuwahi kuielewa vizuri kama leo, nikikumbuka nilipoyaficha yale madumu.

Baba alinipa adhabu ya kuisugua boti yote, ndani na nje, peke yangu. Halafu akaenda chumbani kwa mdogo wake. Niliwasikia wakicheka, mara ya kwanza tangu Jumamosi. Nadhani nilikuwa nachekwa mimi. Nilistahili.

Jumatano, Julai 31

Jambo kubwa limetokea, nalo limetokana na chupa ya maji ya kunywa.

Nilikuwa nasugua boti ikiwa imefungwa gatini. Nilikuwa na chupa yangu ya plastiki, imebaki nusu, nimeilaza kwenye benchi la katikati kutoka kulia kwenda kushoto. Maji ndani yake yalikuwa yamelala sawasawa, nusu kila upande, kama kipima maji cha fundi wa kujenga. Nilipenda kuyatazama.

Mama na Baba Mdogo wakaja kuchukua madumu yaliyobaki. Wakapanda, wakaketi kupumzika. Maji kwenye chupa yakakimbilia kulia yote.

Niliwatazama.

"Mbona mmekaa huko nyote wawili?"

"Huko wapi?" akauliza Mama.

"Kulia."

"Si ndio upande wa wavu."

"Mama, wavu uko wapi?"

Mama aligeuza shingo polepole akatazama kule juu, nyumbani, ambako wavu umeanikwa uani tangu mwezi uanze. Baba Mdogo naye akageuza. Kisha wakatazamana.

"Loh," akasema Baba Mdogo.

Miaka kumi na minane Mama amevuta wavu kutoka upande wa kulia. Kila anayepanda boti yetu huenda kulia, kama vile anayeingia nyumbani huenda kwenye kiti chake. Makreti ya samaki hukaa kulia pia, karibu na wavu, ili mtu asitembee na samaki mikononi. Na madumu? Madumu niliyapanga mimi, mwenye mchoro na miraba na kalamu, na niliyapanga yote mahali pa makreti. Hata benchi lenyewe limechakaa kulia tu. Wiki tatu tumekuwa tukiongeza uzito upande uleule mmoja, huku wimbi la upande wa pili likituomba.

Nilikimbia nyumbani na ile chupa mkononi. Njiani nilijikwaa mara mbili.

Baba aliniacha nimalize. Sikumaliza vizuri, nilieleza mwisho kabla ya mwanzo. Aliichukua chupa, akashuka nayo hadi gatini, akailaza kwenye benchi. Akaketi kulia. Akatazama. Akaketi kushoto. Akatazama. Alifanya hivyo mara tano, mzee mzima, watu wanapita.

Halafu akasema, "Madumu kumi. Sita nyuma, manne mbele, nusu kwa nusu kila upande. Usukani nitashika mimi. Kesho."

Alhamisi, Agosti 1

Tumeifunga chupa kwenye benchi kwa uzi wa nyavu, na nimechora mstari katikati kwa wino usiofutika.

Madumu yametii. Mama ndiye tatizo. Tulimweka kushoto. Alikaa kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake. Tukafika katikati ya maji, nikageuka: yuko kulia.

"Shemeji!"

"Nimefikaje huku?" akauliza Mama, na alikuwa anauliza kweli.

Tulimrudisha mara nne. Alisema anajisikia kama anaandika kwa mkono wa kushoto. Mwishowe Baba Mdogo alimfungia kitambaa chekundu kwenye ukingo wa kushoto, akamwambia akishike kama ni wavu. Hapo akatulia.

Kushoto leo: kifundo cha mguu. Lakini ni wimbi! Si povu. Nimeandika neno hilo mara ya mwisho, natumaini.

Jumamosi, Agosti 3

Chupa iko sawa lakini mkia bado unapinda. Kocha alikuwa gatini, akanong'ona, "Tazama njia yenu." Nilimwomba Baba ageuke nyuma tukiwa kwenye mwendo. Alisita. Mvuvi hutazama mbele na hutazama wavu. Akageuka. Njia yetu majini ilikuwa imepinda kushoto kama ndizi.

Alitazama mkono wake juu ya usukani. "Ni mkono wangu," akasema. "Boti imelalia kulia miaka yote, nami nimeivuta kushoto miaka yote. Sasa haijalala, lakini mkono unavuta tu."

Kisha akasema kitu ambacho sitakisahau: "Sijawahi kutazama nyuma, unajua? Sikuwa na mtu wa kumtazama huko."

Nilidhani Baba hapendi mchezo huu. Nafikiri sasa alikuwa hajauona.

Jumapili, Agosti 4

Leo si siku ya boti, lakini nimemwona Baba ameketi kibarazani na mfuniko wa sufuria mikononi, anaushika kama usukani, anaunyoosha. Nilipita kama sijaona.

Jumatatu, Agosti 5

Njia imenyooka kama rula. Kulia: goti. Kushoto: goti!

Jumatano, Agosti 7

Nimeruka mkia mzima kutoka kulia kwenda kushoto. Nilitua ng'ambo, miguu ikazama kidogo, ikainuka, nikabaki nimesimama. Mama aliacha kitambaa chekundu akapiga makofi, chupa ikalalia kulia, Baba Mdogo akamkaripia, Mama akarudi akicheka. Kutoka kushoto nimejaribu mara sita. Mara zote sita natua juu ya wimbi la pili, si ng'ambo yake. Nakosa urefu wa mkono mmoja.

Alhamisi, Agosti 8

Mafuta ya wiki yamekwisha, yamebaki ya Jumamosi tu. Nimefanya mazoezi kwenye mchanga, nikiruka kutoka kwenye kreti. Baba Mdogo amenipa alama mbili kwa kumi, na hizo mbili, anasema, ni za mwandiko.

Ijumaa, Agosti 9

Upepo siku nzima. Nimetazama dari.

Jumamosi, Agosti 10

Nitaandika kwa utaratibu, ingawa nataka kuanza na mwisho.

Upepo ulitulia alfajiri. Gatini kulikuwa na boti mbili: nyeupe ya kina Miwani na yetu ya kijani. Tuliisugua mpaka ikang'aa, lakini harufu haisuguliki.

Miwani alianza. Kulia alipita kwenye jaribio la kwanza. Kushoto alianguka mara mbili, la tatu akatua ng'ambo akayumba, akagusa maji kwa mkono, akasimama. Nilimpigia makofi kwa moyo. Aliporudi aliniondolea woga kwa neno moja: "Maji ni matamu."

Kisha zamu yetu. Kocha akasema, "Nitakaa ndani ya boti nihukumu kutoka humo." Akapanda, na kwa kuwa hakujua lolote, akaketi kulia, kwenye benchi lililochakaa, mahali panapomwalika kila mtu.

Niliona maji kwenye chupa yakikimbia.

Nilikuwa tayari majini, nimeshika ukingo wa boti, ubao miguuni. Nilitaka kupiga kelele lakini ningemwambiaje Kocha aliye mizani ya kila kitu ahame? Baba aliona. Baba Mdogo aliona, akafungua mdomo. Kabla hajasema, Mama alisimama kutoka kwenye kitambaa chake chekundu, akasogea kushoto zaidi, akaketi juu kabisa ya ukingo, mgongo nje, kwa utulivu kama aliyezaliwa pale. Hakuambiwa. Hakutazama hata chupa. Maji yakarudi kwenye mstari.

"Shemeji umehama rasmi," akasema Baba Mdogo.

"Endesha maneno yako taratibu," akajibu Mama, "tuna mgeni."

Baba hakutazama mbele tu. Alitazama mbele, kisha nyuma, kwangu, kisha mbele. Akaondoka. Mkono wake haukuvuta popote.

Mkia ulifunguka pande zote mbili, safi, unaofanana, wenye mgongo. Ni sisi tuliouumba, dumu kwa dumu.

Kulia kwenda kushoto: jaribio la kwanza. Nilitua ng'ambo.

Kushoto kwenda kulia: la kwanza, nikatua juu ya wimbi nikaanguka. Baba hakukata mafuta ghafla. Alipunguza kidogo kidogo, akazunguka kwa upana, mkia ukatupita bila kugusa mtu. La pili, hivyo hivyo, urefu wa mkono.

Waliporudi kunichukua Baba aliinama juu ya ukingo. Nilidhani atasema jambo la Kocha, la mwendo au kamba. Akasema, "Wimbi lipo, mwanangu. Nimelitazama. Usilikimbilie, lingoje likuinue."

Mara zote nilikuwa nikiruka kabla ya kufika juu, kwa sababu miguu yangu ilizoea wimbi la kushoto kuwa povu. Sikuliamini. Hata mimi nilikuwa na upande wangu wa wavu.

Jaribio la tatu. Nilikuja kutoka kushoto. Nikangoja. Wimbi likaingia chini ya ubao, likaniinua, nikangoja bado, likaniinua tena, na pale juu kabisa nikanyoosha miguu.

Nilikuwa juu muda mrefu. Niliiona boti yetu yote: Baba amegeuza kichwa, Baba Mdogo amekamata kofia, Mama kwenye ukingo wa kushoto mdomo wazi. Niliona chini yangu wimbi la kulia likipita, lote. Nikatua ng'ambo. Maji hayakunikamata. Sikugusa kwa mkono.

Kelele ya Mama ilisikika gatini, Miwani ameniambia.

Kocha alingoja tufunge boti. Alishuka, akaandika kwenye kitabu chake, akakifunga. "Nafasi ni yako," akaniambia. Kisha akamgeukia Baba. "Nahodha, mashine yangu bado haijapata kipuri. Timu haina boti ya mazoezi. Huu mkia mnaukodisha, au unakuja pamoja na mtoto?"

Baba alifikiri. Tulingoja wote, kama kawaida.

"Jumapili," akasema. "Siku nyingine ni za samaki. Na mwenzake mwenye miwani aje pia."

Baba Mdogo alinibeba begani kutoka gatini mpaka nyumbani. Hakulalamika hata kidogo, na njia nzima alimweleza kila mtu tuliyekutana naye. Kila mtu, hadi mbwa.

Jumatatu, Agosti 12

Uvuvi umefunguliwa. Nimekwenda nao, kwa kuwa shule ni wiki ijayo. Nilitaka kufungua ile chupa kwenye benchi ili isiwasumbue. Mama akasema, "Iguse uone."

Wavu ulivutwa kutoka kulia, na wakati wa kuvuta chupa ililala kulia kabisa, kama inavyopaswa. Samaki walikuwa wengi, wamenona kwa likizo yao. Kisha, kabla ya kurudi, Baba alimwashiria mdogo wake, nao wakahamisha makreti moja moja, mawili kushoto, moja mbele, mpaka maji yakalala kwenye mstari. Mama akahamia kwenye kitambaa chekundu. Baba akawasha mashine, akafungua mwendo.

Hakukuwa na kamba nyuma, wala ubao, wala mtu. Mimi nilikuwa ndani, karibu naye. Hata hivyo aligeuka, akatazama yale mawimbi mawili yakiachana sawasawa mpaka mbali.

"Mkia mzuri," akasema Baba.